MOTO UNAOLETA BARIDI

(Haya ni maneno aliyosema ndugu mmoja, fundi wa mitambo ya baridi, katika mkutano wa tawi letu. Tumeyapiga chapa kwa sababu wanachama waliokuwa zamu siku ile waliomba wapate kuyasoma. Maswali matatu yaliyoulizwa yamewekwa mwishoni.)



Mnajua jambo lililonisimamisha mbele yenu. Katika jumba moja ambamo wenzetu wanafanya kazi, tajiri ameleta habari kwamba anataka kuondoa mtambo wa baridi wa stima na kuweka mashine inayopoza jumba kwa moto wa gesi. Katika barua yake amesema mashine hiyo haina kompresa. Kwa kuwa haina kompresa, haina kazi ya kutengeneza. Na kwa kuwa haina kazi ya kutengeneza, mafundi watatu wa pale waweza kupunguzwa, abaki mmoja. Halmashauri ya tawi itakutana naye. Katibu ameniomba nieleze mashine hii ni kitu gani, ili ndugu watakaokaa mezani wajue wanalolisema.

Nasema mapema kwamba sikuja kuipinga mashine. Ni mashine nzuri, na aliyeibuni alikuwa na akili nyingi. Lakini barua ya tajiri imesema nusu ya maneno. Leo nataka tuisome nusu ya pili.

JAMBO HILI SI GENI

Vijana walicheka waliposikia kwamba moto unaleta baridi. Wazee hawakucheka, kwa sababu wanaikumbuka friji ya mafuta ya taa. Ilikuwa katika maduka ya mashambani, katika zahanati za misheni, na katika nyumba za masetla ambako stima haikufika. Chini yake palikuwa na taa na utambi, na mwali wa samawati. Ukiacha utambi ukatoa moshi, maziwa yaliharibika. Ukiiweka mahali palipoinama, haikupoza hata ungeijaza mafuta, maana maji yaliyokuwa ndani yake yalihitaji kuteremka yenyewe. Friji ile ilibuniwa na wanafunzi wawili wa Stockholm katika nchi ya Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922.

Hata wao hawakuwa wa kwanza. Mfaransa aitwaye Ferdinand Carré alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya amonia na maji mwaka 1859. Mashine zake zilitengeneza barafu kwa moto kabla ya miji kuwa na stima. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, majimbo ya kusini yalizibiwa njia za bahari na hayakuweza kupata barafu ya kukatwa katika maziwa ya kaskazini. Huko mashine za Carré ziliingizwa kwa magendo.

Baadaye mota ya stima na kompresa zilishinda, na mashine ya moto ikasahauliwa na wengi. Lakini katika miaka ya 1960 makampuni ya Marekani, mojawapo likiitwa Arkla, yaliuza mashine za gesi na amonia za kupoza nyumba na maduka. Sababu yao ilikuwa ya biashara. Wakati wa kipupwe watu huko huwasha gesi kupata joto. Wakati wa jua kali gesi hukaa bure ndani ya mabomba, nayo stima huzidiwa na mashine za baridi. Wauza gesi walitaka mashine itakayoila gesi yao wakati wa jua. Mpaka leo mashine za namna hii zinatengenezwa Italia na kampuni iitwayo Robur.

BARIDI NI KAZI YA KUCHUKUA

Sasa tuingie ndani ya mashine. Jambo la kwanza ni hili: hakuna mashine inayotengeneza baridi. Mashine hulibeba joto kutoka ndani ya nyumba na kulitupa nje, kama mchukuzi abebavyo gunia. Yatupasa kumjua mchukuzi.

Mwuguzi akikupaka spiriti mkononi kabla ya sindano, unahisi baridi. Spiriti inageuka mvuke, na ili igeuke mvuke yahitaji joto. Joto hilo inalichukua katika ngozi yako. Maji ya mtungi wa udongo hupoa kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu yanapenya udongo na kugeuka mvuke nje ya mtungi. Basi kila kitu cha majimaji kigeukapo mvuke hunyang'anya joto, na kila mvuke urudipo kuwa majimaji hulirudisha joto lile. Ndiyo safari yote ya mchukuzi wetu: analichukua ndani, analitua nje.

Mchukuzi wa mashine hii ni amonia. Amonia katika hewa ya kawaida huchemka kwenye digrii 33 chini ya sifuri. Ukiifungia chomboni, presha ikawa kama mara 5 ya hewa ya kawaida, itachemka kwenye digrii 4 hivi. Ukiibana zaidi, mara 18 ya hewa ya kawaida, mvuke wake utarudi kuwa majimaji ungali na joto la digrii 45. Kwa hiyo hata hewa ya mchana wa Mombasa yatosha kuupoza mpaka utone. Shikeni maneno haya mawili: presha ndogo, inachemka katika baridi; presha kubwa, inatona katika joto.

Tena ni mchukuzi mwenye nguvu. Kilo moja ya amonia ikigeuka mvuke hunyonya joto la kutosha kushusha lita 10 za maji kutoka digrii 35 hadi digrii 5.

MAJI YAMECHUKUA KAZI YA KOMPRESA

Katika mashine ya stima, kompresa ina kazi mbili: huuvuta mvuke upande wa baridi, na huubana na kuusukuma upande wa joto. Sasa katika mashine ya gesi kazi hizo nani anazifanya?

Kuvuta kunafanywa na maji. Maji yana uchu mkubwa wa amonia. Mnajua chumvi ikiachwa wazi pwani siku za masika, jinsi inavyonyonya unyevu wa hewa mpaka inalowa. Maji huifanyia amonia vivyo hivyo, lakini kwa nguvu zaidi: lita moja ya maji ya digrii 20 yaweza kumeza lita mia saba hivi za mvuke wa amonia. Kusukuma kunafanywa na pampu ndogo. Na kuitoa tena amonia ndani ya maji ni kazi ya moto.

Tufuate njia yake hatua kwa hatua.

1. Chungu cha moto. Hiki ni chombo cha chuma, na chini yake kuna mwali wa gesi. Ndani yake mna maji yaliyoshiba amonia. Yakipata joto, tena joto linalopita digrii 100, amonia hutangulia kutoka, kwa sababu yachemka upesi kuliko maji.

2. Chujio la mvuke. Amonia haitoki peke yake, huchukua na mvuke kidogo wa maji. Hapa mvuke hupozwa kidogo, maji yanatona na kurudi chunguni, amonia inaendelea. Chujio lisipofanya kazi, maji hujikusanya upande wa baridi na mashine hulegea.

3. Kondensa. Mvuke wa amonia wenye presha kubwa hupita katika mabomba yanayopigwa na feni. Unatua joto lake na kuwa majimaji.

4. Tundu dogo. Amonia hupita mahali pembamba sana na kutokea upande wa presha ndogo.

5. Kipozeo. Hapa amonia huchemka na kunyonya joto la maji mengine, yanayotembea katika mabomba ya jumba. Maji hayo huingia na digrii 12 hivi na kutoka na digrii 7. Ni hayo ndiyo yanayokwenda vyumbani, ambako feni hupuliza hewa juu ya mabomba yake. Amonia yenyewe hukaa nje ya jumba pamoja na mashine, nayo haifiki vyumbani. Ndugu, likumbukeni hilo, nitalirudia.

6. Kinyonyeo. Mvuke wa amonia hukutana na maji yaliyotoka chunguni yakiwa yamepungua amonia. Maji yanaumeza. Katika kumeza, joto hutoka, na feni yapasa ilitoe. Kinyonyeo kikiwa na joto, uchu wa maji hupungua, na mashine yote hupungua nguvu.

7. Pampu. Maji yaliyoshiba husukumwa kurudi katika presha kubwa ya chunguni, na safari inaanza tena.

Mtu ataniuliza: kama pampu inasukuma, tofauti yake na kompresa ni nini? Aliyejaza upepo gurudumu la baiskeli anajua. Pampu hupata moto mkononi na jasho hukutoka, kwa sababu kuubana upepo ni kazi kubwa. Majimaji hayabanwi; ukiyasukuma yanakwenda tu. Akili ya mashine hii ni kwamba mvuke hugeuzwa majimaji kwanza, ndipo husukumwa. Kwa sababu hiyo mashine ndogo ya namna hii, ya kilowati 17 hivi za baridi, hutaka stima ya kilowati moja tu au chini ya hapo, kwa feni na pampu. Nguvu nyingine yote ni moto.

Basi tajiri amesema kweli: kompresa haimo. Tutazame sasa hesabu yake.

HESABU YA MOTO

Mashine ya kilowati 17 za baridi huchoma gesi ya kilowati 25 hivi. Mashine ya stima ya baridi hiyo hiyo hutumia stima ya kilowati 5 au 6. Tena joto halipotei: hizo 17 za nyumbani na 25 za gesi zote lazima zitupwe nje, nyingine kwa feni, nyingine kwa moshi. Ndiyo maana kondensa na kinyonyeo vyake vinataka nafasi na upepo mwingi kuliko mashine ya stima.

Sasa nchi iliyo na gesi ya bomba hupata nafuu. Jirani zetu wa Tanzania wana gesi ya Songo Songo, ambayo imefika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Sisi Kenya gesi yetu ni ya mitungi na matangi, na nyingi huja kwa meli Mombasa. Kilowati 25 ni karibu kilo 2 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 13, ule wa jikoni kwetu, ungekwisha kwa saa sita na nusu, nayo hiyo ni mashine moja ndogo. Jumba kubwa litataka kadhaa.

Sikusema kwamba haiwezi kumfaa. Pengine laini yake ya stima imezidiwa, au kukatika kwa stima kunamtia hasara. Tena amonia haiharibu tabaka la ozoni wala haiongezi joto la dunia kama zile gesi nyingine za friji, ambazo mataifa yalikubaliana huko Kigali, Rwanda, mwezi wa Oktoba 2016, zipunguzwe. Hizo ni sababu za haki. Lakini tumwombe hesabu ya gesi na ya stima, bei kwa bei. Ikiwa hesabu ya moto haileti akiba, basi akiba anayoitafuta imo katika mshahara wa watu wawili, nasi tuna haki ya kulijua hilo kabla hatujatia sahihi neno lolote.

KAZI ILIYOBAKI

Sasa naja kwenye maneno yenyewe: "haina kazi ya kutengeneza." Mabomba ya amonia yamechomelewa yakafungwa huko kiwandani, na ni kweli kwamba fundi hayafungui kila mara. Lakini sikilizeni kazi iliyobaki.

Kuna mwali. Mwali wataka hewa safi, pua safi za gesi, kiwashio kizima, na valvu zinazofunga upesi moto unapozimika. Mwali usiopata hewa hutoa ile gesi ya makaa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kuna bomba la moshi, nalo hula kutu. Kuna pampu: katika mashine nyingi za namna hii pampu ina utando unaosukumwa na mafuta, tena huzungushwa kwa mkanda, mkanda hukatika, mafuta hupungua. Kuna kondensa ya nje inayojaa vumbi na majani. Ikijaa, presha hupanda mpaka valvu ya usalama inafunguka. Kuna maji ya vyumbani, ambayo yakisimama huku moto unawaka yaweza kuganda na kupasua mabomba ya kipozeo. Na kuna kutu ya ndani, ambayo huzaa haidrojeni. Haidrojeni haitoni wala haimezwi, inakaa tu na kuziba njia.

Kwa ajili ya kutu hiyo, mashine nyingi zimetiwa ndani dawa ya chumvi ya kromi, ya rangi ya manjano. Dawa hiyo ni sumu na huleta saratani. Fundi akiona majimaji ya manjano au unga wa manjano mahali palipovuja, asiguse kwa mkono mtupu wala asifagie kwa ufagio mkavu. Wafagiaji nao waambiwe, maana wao ndio huona kwanza.

Tena mashine hii ina gesi mbili zenye tabia mbili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala chini, huingia mitaroni na vyumba vya chini, na kungoja cheche. Amonia ni nyepesi kuliko hewa na hupanda, ingawa ikitoka kwa wingi na baridi huweza kutambaa chini kwanza kama ukungu. Nayo yaweza kushika moto ikifika kati ya sehemu 15 na 28 katika kila 100 za hewa. Mtu mmoja wa kuangalia yote hayo, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu, ni nani?

MZEE WETU NA GEJI

Nitawaambia jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Nilipokuwa kijana nilikuwa msaidizi wa fundi katika kiwanda kimoja cha barafu. Kiwanda sitakitaja. Mtambo wa pale ulikuwa wa kompresa, lakini amonia ni ile ile.

Usiku mmoja valvu ilikuwa inavuja, na mzee wetu akaagizwa abadilishe gasketi. Msimamizi alimwambia bomba ni tupu, tazama geji, iko sifuri. Geji ile ilikuwa sifuri kwa miezi mingi, kwa sababu ilikuwa imekufa. Mzee alijua kwamba haiaminiki, lakini alitaka kumaliza upesi, maana barafu ya asubuhi ilikuwa inangojwa. Akalegeza nati ya pili huku uso wake uko mbele ya flanji. Amonia ikamtoka usoni.

Nilimvuta mlangoni. Bomba la maji lililokuwa karibu lilikuwa halina maji. Nilimwosha macho kwa maji ya debe tuliyoteka kwa kuoshea vikombe, mpaka yakaisha, kisha nikakimbia kutafuta mengine. Jicho moja lilipona. La pili halikuona tena.

Kampuni iliandika kwamba ni uzembe wa mfanyi kazi. Pengine neno hilo lingesimama. Lakini mzee alikuwa na tabia ya kuandika katika daftari la zamu, naye alikuwa ameandika mara mbili, na tarehe zake, kwamba geji ile ni mbovu. Mistari miwili ile ndiyo iliyomletea fidia. Mimi tangu siku ile sijafungua flanji bila kuuliza maswali manne: geji ni nzima? Maski iko wapi? Maji yako wapi? Mwenzangu ni nani? Na jibu la kila moja naliandika.

Mashine za gesi hubeba amonia kidogo, kwa mashine ndogo ni kilo chache tu, wala si ya kuitetemekea. Lakini kilo chache zatosha kwa macho mawili. Harufu yake ni rafiki yetu, maana pua huisikia mapema kabla haijadhuru. Wataalamu wa afya wa Marekani wameweka mpaka wa sehemu 25 katika milioni moja za hewa kwa siku nzima ya kazi, na wanahesabu 300 kuwa hatari ya maisha. Ikikuchoma macho na koo, ondoka kuelekea upande upepo utokako. Mtu akipata amonia machoni, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 kwa uchache, ndipo apelekwe hospitali, asipelekwe kwanza. Ukungu wa amonia waweza kupigwa maji ya kunyunyiza, kwa ule uchu niliowaambia. Lakini dimbwi la amonia lisimwagiwe maji, maana maji hulipa joto, nalo huchemka kwa nguvu zaidi.

MAMBO YA KUPELEKA MEZANI

Ndugu wa halmashauri, nawashauri mpeleke mambo haya sita.

Kwanza, tuonyeshwe kitabu cha mashine, na orodha ya kazi za kila juma, kila mwezi na kila mwaka kama mtengenezaji alivyoandika. Hapo itajulikana kazi ni ya watu wangapi.

Pili, mashine ikae nje au juu ya paa, mbali na madirisha na milango ya hewa, wala isiwekwe katika chumba cha chini.

Tatu, mafundi walioko wafundishwe amonia na gesi kwa gharama ya tajiri kabla mashine haijawashwa.

Nne, maski, miwani, glavu, na bomba la maji la kuoshea macho viwepo hatua chache kutoka kwenye mashine, na vikaguliwe.

Tano, hakuna mtu atakayefungua sehemu ya amonia akiwa peke yake. Hili peke yake laonyesha kwamba fundi mmoja hatoshi.

Sita, daftari la zamu liwepo, na nakala yake ikae kwa mwakilishi wa wafanyi kazi.

Haya hatuyaombi kama sadaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi atoe mavazi ya kinga panapo vitu vya kudhuru, na mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama. Tena inasema mfanyi kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake, na mpaka hatari hiyo iondolewe asilazimishwe kurudi pale. Someni kifungu cha 14, mkijue kama mnavyojua majina ya watoto wenu.

Mashine hii haina kompresa, lakini ina watu. 

MASWALI

Fundi kijana aliuliza: Je, tunaweza kuipima kwa geji na mipira yetu ya kawaida?
Jibu: Hapana. Geji za kawaida zina shaba nyekundu na shaba nyeupe, na amonia yenye unyevu huzila zote mbili. Ndiyo maana mabomba ya mashine hii ni ya chuma. Tumia geji ya chuma cha pua iliyoandikwa kwamba ni ya amonia, na mwambie tajiri ainunue pamoja na mashine, asingoje baadaye.

Mama mmoja mfagiaji aliuliza: Sisi tulioko vyumbani tutavuta amonia?
Jibu: Mashine ikiwa nzima, hapana, maana kinachokuja vyumbani ni maji ya baridi tu. Ila bomba la ndani la kipozeo likitoboka, amonia yaweza kuingia katika maji hayo. Fundi ayapime maji mara kwa mara kwa karatasi nyekundu ya litmasi. Ikigeuka samawati, mashine izimwe na atafutwe mjuzi wa amonia. Nanyi akina mama mkisikia harufu ya kuchoma pua karibu na feni, semeni siku hiyo hiyo, na mhakikishe imeandikwa.

Mzee mmoja aliuliza: Ikiwa ni moto tu, kwa nini tununue gesi? Moshi wa kiwanda au jua haviwezi?
Jibu: Vyaweza, mzee wangu. Chungu hakijui joto limetoka wapi, mradi liwe kali la kutosha. Kiwanda kinachotupa mvuke moto angani kinatupa baridi ya bure. Mashine ya namna hiyo hutengenezwa kwa kusudi, kwa hiyo huwezi kuondoa mwali wa hii ukaweka bomba la mvuke. Lakini ikiwa tajiri anatafuta akiba ya kweli, mwelekezeni huko.

Baada ya maswali mkutano ulikubali kwa mikono mambo yote sita yapelekwe mezani na halmashauri, na Katibu akaagizwa atafute nakala ya kitabu cha mashine kabla ya siku ya mazungumzo. Mwanachama yeyote aliyepata kufanya kazi ya amonia anaombwa aandikishe jina lake kwa Katibu.